Shangazi wa Getini

Maji ya kusukutua yalimtoka yenyewe. Alikuwa ameinama bombani uani, mashavu yamejaa, anajiandaa kutema kama anavyotema kila asubuhi, mara akayaona yanachuruzika upande wa kushoto wa mdomo, yanapita kidevuni, yanalowesha gauni juu ya tumbo lake la miezi minane. Akajaribu tena. Yakatoka tena. Akabana midomo kwa vidole, akasukutua hivyo hivyo, akatema, akajiambia kwamba amelalia vibaya.

Mumewe, mpakiaji wa mifuko ya saruji, alikuwa mlangoni anafunga viatu. Alipoinua kichwa, kamba ya kiatu ilibaki mkononi.

"Umefanya nini usoni?"

"Nimelalia vibaya."

"Hebu cheka."

Akacheka. Upande wa kulia ulicheka, wa kushoto ukabaki umelala, hauna habari. Jicho la upande huo lilikuwa limekodoka, halifumbi hata alipolazimisha. Mumewe aliangalia chini, akamalizia kiatu chake taratibu mno, kisha akasema atachelewa lori. Mkewe akachukua mtandio, akajifunika kutoka puani kwenda chini, akatoka kwenda kazini, kwa sababu siku ile kubaki nyumbani hakukuwezekana.

Jina lake la kiwandani lilikuwa Kola. Pale hakuna aliyeitwa jina la kwao. Mtu aliitwa kipande anachoshona. Anayeshona mifuko ni Mfuko, anayeshona mikono ni Mkono, na yule kaka wa matundu ya vifungo aliitwa Tundu mpaka na mkewe akazoea. Kola alishona kola za mashati ya wanaume, mashati ya kwenda kuvaliwa mbali na watu asiowajua, na alizishona vizuri. Hata msimamizi wake, mtu asiyejua kusifu, alikuwa akilikubali hilo kwa kunyamaza.

Getini alikuwepo Shangazi. Zamani watu walikuwa wakitia sahihi wanapoingia na wanapotoka, na kwa kuwa binadamu wanaoneana huruma, walitiliana. Mwenzako mtoto anaumwa, unamtilia. Kesho yamekufika wewe, naye anakutilia. Uongozi ulipogundua mchezo huo ukaleta mashine ya kutazama nyuso. Unasimama mbele yake, uso wako unatokea ndani ya duara, sauti ya kike inasema, "Asante, ingia," na nondo za geti zinazunguka. Ikikukataa inasema, "Hutambuliki. Rudia." Watu wakaiita Shangazi, kwa sababu inakaa mlangoni, inakukagua usoni kabla hujatia mguu ndani, na haya haina.

Sasa asubuhi hiyo Kola alisimama mbele ya Shangazi, akashusha mtandio.

"Hutambuliki. Rudia."

Akarudia. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu alikuwa akikimbizana na king'ora. Kikilia uko nje, umelala nje.

"Hutambuliki. Rudia."

"Toa mtandio wote, dada," mtu alisema nyuma.

"Nimetoa."

"Basi kaa vizuri, acha kukunja uso, tunachelewa."

Alitaka kusema hakunji uso, lakini maneno yenye "b" na "p" yalikuwa yanamponyoka midomoni, akaona afadhali anyamaze. Mlinzi, mzee mpole waliyezoea kumwita Babu Geti, alikuja kumsogeza pembeni. Akamtazama, akatazama juu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwenzake anaoga. Foleni ikapita. Kila aliyepita aliangalia viatu vyake mwenyewe. Kijasho chembamba kilimtoka Kola, na tumbo lilikuwa zito kuliko siku zote.

Ofisa utumishi alimpokea akiwa amekaa. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa mnyororo, na aliivaa ili amwone vizuri.

"Wewe ni Kola. Nakujua, nakuona hapa mbele yangu, siwezi kukataa."

"Basi niandikie nimefika, dada."

"Nikuandikie wapi? Mambo ya kuandika yaliisha, na yaliisha kwa sababu yenu wenyewe. Siku hizi aliyefika ni yule mashine inayemjua."

"Lakini nimefika."

"Mama kijacho, mimi na wewe hatubishani. Kwani kimekupata nini?"

"Sijui. Nimeamka hivi."

Ofisa alirudisha kiti nyuma kidogo. "Haiambukizi?"

"Sijui, dada."

"Fundi wa mashine atakuja, akupige picha upya. Siku gani, usiniulize, hatumpangii. Akikukosa umekwenda zako hospitali, utasubiri mpaka aje tena. Na kanuni ya wajawazito unaijua."

Aliijua, nani asiyeijua. Mjamzito asiyekosa hata siku moja mpaka kufikia likizo ya uzazi hurudi kwenye kiti chake akishajifungua. Anayekosa, hata awe amekosa kwa kuugua mimba ile ile, huhesabiwa kaacha kazi kwa hiari yake, na cherehani yake hupewa mmoja wa wale wasichana wanaoshinda nje ya ukuta wakingoja mtu aanguke. Kola alikuwa na kibarua hicho tu. Mapato ya mumewe yalitegemea malori, na malori yalitegemea watu wenye kujenga, na siku hizo watu hawakuwa wakijenga.

"Ingilia geti la malori," ofisa alisema. "Ufanye kazi ulinde kiti chako. Fundi akija akakukuta, nitaziombea siku zako zihesabiwe. Siahidi."

Basi Kola akawa anaingia na marobota ya vitambaa. Asubuhi anasimama kando ya geti la malori, anangoja lori lifunguliwe, anapita ubavuni mwake akijishika tumbo, na makuli wa pale, ambao hawamkopeshi mtu utani, wakamwita Mzigo. Mwanzoni walicheka. Siku moja akasahau kujifunika, wakamwona, wakaacha kucheka, na kule kuacha kulimuuma zaidi ya kicheko.

Zahanati ya kiwanda ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda na mtu mmoja mwenye koti jeupe. Alimpa vidonge vya maumivu.

"Siumwi kichwa," Kola alisema. "Ni uso."

"Ndiyo dawa zilizopo. Ukishajifungua itakwisha, ni mambo ya mimba hayo. Ukitaka zaidi nenda hospitali kubwa."

"Fundi akija nisipokuwepo?"

"Hayo sasa mimi siyajui."

Hakwenda. Kila siku alisema kesho, na kila siku kesho ilikuwa na fundi ndani yake.

Tatizo kubwa likawa jicho. Ndani ya kiwanda kile vumbi la pamba linaelea mchana kutwa, na mwenye macho mazima hupepesa likatoka. Lake halikupepesa. Liliwasha, likawa jekundu, likamwaga machozi yasiyo na kilio. Mfuko, aliyekaa naye jirani na kumjua kuliko wengine, alimtafutia utepe wa gundi kule wanakokatia vitambaa, akamshusha kope kwa kidole na kuibandika. Kola akashona kwa jicho moja.

Alikuwa akishona hivyo tone la mate lilipodondoka. Hakulisikia likitoka, shavu lile lilikuwa halina tena habari na mwenyewe. Aliliona tu juu ya kola nyeupe, duara dogo linaloenea. Kabla hajaifuta msimamizi alikuwa ameshaichukua, ameishika kwa ncha za vidole.

"Hii nini?"

Mstari mzima ulipunguza mwendo wa cherehani ili usikie.

"Nimeuliza hii nini. Mteja avae udenda wako shingoni?"

"Samahani, kaka."

"Funga kitu hapo mdomoni. Sisi hatulei wagonjwa, tunashona."

Mfuko alimkunjia kipande cha kitambaa, akamfunga kidevuni, fundo kisogoni, kama mtoto anayeota meno. Kola alijikaza kisabuni mpaka king'ora cha kutoka. Watu wote walikuwa na adabu kweli kweli: hakuna aliyemtazama, hakuna aliyemuuliza, wanapozungumza naye waliangalia sindano yake. Alishukuru. Alijiambia kwamba angalau hakuna anayeuona.

Fundi alikuja wiki ya pili, kijana mwenye haraka, mkoba begani. Alimsimamisha mbele ya Shangazi watu wote wakiwa wanatoka kwenda kula.

"Toa hiyo ya jicho. Toa na kitambaa. Usicheke."

"Sicheki."

"Basi tulia mdomo."

"Ndio umetulia hivi."

Kijana akamtazama kwa mara ya kwanza. Akakohoa. "Sawa. Ila ujue, mfumo unaruhusu kubadilisha sura mara moja tu kwa kila mtu, maana watu walishaanza kuingiza sura za ndugu zao. Baada ya hapa, hii ndiyo sura yako."

Ikapigwa. Uso wake ulitokea ndani ya duara, mkubwa kuliko kioo chochote alichojitazama tangu siku ile: jicho la kushoto wazi na kavu, paji la uso upande huo laini kama la mtoto, mdomo wote umehamia kulia. Alitamani ardhi ipasuke.

"Asante, ingia," Shangazi akasema, na nondo zikazunguka.

Ofisa aliziombea siku zake, zikahesabiwa, na Kola alimshika mkono kwa mikono yake miwili kumshukuru. Alikaa kwenye kiti chake mpaka siku ya mwisho kabla ya likizo. Hakukosa hata moja.

Hospitali alifika ikiwa ni uchungu wa mtoto unaompeleka. Muuguzi aliyempokea alimsubiri apumue katikati ya uchungu, akamshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga.

"Hii ilianza lini?"

Kola akamwambia.

"Na ulikuwa wapi muda wote huo?"

"Kazini."

Muuguzi aliachia kidevu. "Mshipa wa uso umevimba, mama. Wajawazito huwapata, hasa miezi ya mwisho, si laana wala nini. Kuna dawa, lakini inataka ianze mapema, siku mbili tatu za mwanzo. Sasa tutalitunza jicho, tungoje. Wengi uso hurudi wenyewe. Wengine haurudi wote."

"Kwa hiyo ningekuja siku ile ile..."

"Sukuma, mama. Usiniulize sasa, sukuma."

Alizaa mtoto wa kike, mwenye sauti na uso uliokamilika pande zote mbili. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumkagua mdomo wakati analia, na ulipofunguka sawasawa alishukuru huku akijificha.

Nyumbani, mama mkwe alikuja kumuuguza, na kwa kazi huwezi kumlaumu: alifua, alipika, alimkanda kwa maji ya moto. Lakini alikuwa na lake. Kila Kola alipompakata mtoto kunyonya, mama mkwe alimshushia mtandio usoni.

"Mtoto mchanga anaiga anachokiona, mwanangu. Asije akazoea."

"Muuguzi alisema haiambukizi, mama."

"Muuguzi hataolewa na mtu. Huyu ataolewa."

Kola alinyonyesha ndani ya giza la kitambaa, akisikia tu mtoto anavyomeza. Wageni walipokuja kumwona mtoto, mumewe alitangulia chumbani na kusema kwa sauti ya chini, bila ukali, "Kaa humu kidogo, waondoke." Wageni wakaambiwa mzazi kalala. Yeye yuko nyuma ya pazia, anawasikia wanavyosifu pua ya mtoto na kuulizana imetoka upande gani. Kula alikula peke yake, maana chakula kilimtoka. Hakumchukia mumewe. Alimwonea aibu, kama mtu aliyeazima kitu kizuri akakirudisha kimevunjika, na usiku akiwa amempa mgongo aliusukuma uso wake kwa vidole, juu, juu, juu, kama muuguzi alivyomwelekeza.

Uso ulianza kurudi siku anafua nepi. Povu lilimrukia, na jicho la kushoto likapepesa. Kidogo tu, kivivu. Akalirushia povu jingine kwa makusudi. Likapepesa tena. Baada ya hapo likaja shavu, likicheza kama kuna mdudu ndani, kisha pembe ya mdomo, na mpaka likizo inakaribia kwisha alikuwa anaweza kupuliza moto jikoni. Siku aliyomfunulia mtoto uso na kumchekea, mtoto alimtazama muda mrefu, kwa mashaka, akarudisha kicheko. Mama mkwe aliukunja ule mtandio akauweka sandukuni. Mumewe aliacha kwenda kula chakula chake barazani. Alikaa naye mkekani, akamega, akamwekea kipande upande wake wa sinia. Kola alikula polepole ili chakula kisiishe.

Asubuhi ya kurudi kazini alitoka mtandio uko mabegani. Kwenye foleni Mfuko alimkumbatia mpaka watu wakageuka.

"Hebu nikuone. Mungu mkubwa. Hebu cheka. Jamani, mmemwona Kola?"

Wakamwona. Walimtazama usoni moja kwa moja, wakampa mikono, Tundu akasema sasa amekuwa mzuri kupita zamani na kwamba mkewe asisikie. Kola alicheka mpaka shavu likachoka. Alifika mbele ya Shangazi bado anacheka.

"Hutambuliki. Rudia."

Akaacha kucheka. Akarudia.

"Hutambuliki. Rudia."

Hapo akakumbuka maneno ya fundi. Babu Geti aliita ofisi. Ofisa utumishi alikuja mwenyewe getini, miwani kifuani, upande wa ndani wa nondo, na nyuma yake alikuwa amesimama msichana mwembamba mwenye sare mpya, ambaye likizo nzima alikuwa kwenye cherehani ya Kola.

"Hongera kwa mtoto," ofisa alisema. "Umepona, nashukuru."

"Dada, mashine inanikataa."

"Naona. Na fundi alikwambia. Sura yako ulishaibadilisha."

"Lakini hii ndiyo yangu. Ile ilikuwa ugonjwa."

"Mimi naelewa. Mfumo hauelewi." Alitazama saa yake. "Leo ndiyo siku yako ya kuripoti. Usipoingia kabla ya king'ora, kanuni inasema hukurudi. Huyu binti anangoja nimwambie akae au aende."

"Nipitishe geti la malori, kama ile mara."

"Ile mara ulikuwa na kiti. Sasa unakirudia. Unaingilia hapa, au huingii."

Msichana mwembamba aliangalia ukutani. Foleni ikaanza kunung'unika, si kwa ubaya. King'ora kilikuwa ni cha wote. Na katika kunung'unika huko ndipo Mfuko, rafiki yake, aliposema, "Kola, fanya ile."

"Ipi?"

"Ile. Ulivyokuwa."

Kola alimtazama. Mfuko alikuwa na machozi, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Akageukia Shangazi. Akavuta mdomo kulia.

"Hutambuliki. Rudia."

"Jicho nalo," Babu Geti alisema taratibu. "Lilikuwa limekodoka, mama. La kushoto. Hivyo."

"Shavu lilikuwa chini zaidi," Mkono alisema kutoka nyuma. "Liachie. Liachie kabisa."

"Usikunje paji. Lilikuwa halina mikunjo upande ule."

"Na mdomo ulikuwa unafunguka kidogo pembeni, pale mate yalipokuwa yanatokea. Hapo. Si hapo, chini yake."

Walikuwa wanajua yote. Walijua kope ilikuwa inaishia wapi na pua ilikuwa imeelekea wapi, walijua mkunjo wa shavu kuliko alivyoujua mwenyewe, watu wale waliokuwa wakizungumza na sindano yake. Kola alifuata walivyomwelekeza, kimoja kimoja, masikio yakimwaka moto. Uso ulikuwa umepona na ulikataa. Kila alipoushusha ulijivuta kurudi mahali pake, akaushusha tena. Maziwa yalianza kumtoka, yakalowesha sare kifuani, na hakuweza kuinua mkono kujifunika kwa kuogopa kusogea nje ya duara.

"Hapo hapo," mtu alisema. "Hapo hapo usitikisike."

"Asante, ingia."

Nondo zikazunguka. Nyuma yake mmoja alianza kupiga makofi, akaona haya, akaacha. Ofisa alimwambia yule msichana aende zake, kisha akamwambia Kola kwa wema kabisa, "Unaona? Na jioni wakati wa kutoka utafanya hivyo hivyo."

Kola aliitikia kwa kichwa. Alipita katikati ya mstari, akakaa kitini pake, akavuta kola ya kwanza, na king'ora kilipolia alikuwa bado hajathubutu kuurudisha mdomo.